Samaki wa Maji ya Chumvi Amekufa Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo

Taarifa ya kawaida kabisa huwa hivi: samaki alikula jioni, akaogelea kama siku zote, asubuhi akakutwa amelala ubavu nyuma ya jiwe. Maji ni maangavu, taa zinawaka, pampu zinanguruma. Mwenye tangi anashika chupa ya dawa iliyo karibu na kumimina.

Hapo ndipo pa kusimama. Dawa iliyomiminwa kabla chanzo hakijajulikana inaweza kuua kamba, konokono, matumbawe na bakteria wanaosafisha maji, na kuwamaliza samaki ambao wangepona. Mzoga wenyewe una machache ya kusema. Katika maji ya nyuzi 26 huanza kuoza ndani ya saa chache, na pezi lililotafunwa na kaa baada ya kifo hufanana sana na pezi lililoraruliwa kabla yake. Ushahidi mzuri uko kwenye saa: wamekufa wangapi, kwa mpangilio gani, muda gani baada ya badiliko la mwisho, na nani kwenye tangi hakuguswa. Kwa hiyo dalili zilizo hapa chini zimepangwa kwa namna vifo vilivyotokea. Tafuta ile inayofanana na yako. Chini ya kila moja, vyanzo vinaanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi.

Nusu saa ya kwanza

Angalia hita na nyaya kabla hujaingiza mkono. Ukiona kioo cha hita kimepasuka, au ukisikia msisimko kwenye ngozi unapogusa maji, usiguse tena. Zima umeme kwenye swichi kuu na mwite fundi umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na hapa aliye hatarini zaidi ni wewe kuliko samaki.

Kama umeme uko salama, chota maji kwenye chombo safi kabla ya kubadilisha chochote. Watu wengi hubadilisha maji kwanza, kisha hupima, halafu hushangaa kukuta kila kitu kiko sawa. Hayo uliyoyachota ndiyo maji aliyofia samaki. Ukishayabadilisha huyapati tena.

Mtoe mzoga ukiwa umevaa glavu. Tasi na jamaa zake wana miiba ya sumu mgongoni ambayo huchoma hata samaki akiwa amekufa, na kangaja ana kisu pande zote mbili za shina la mkia. Tazama mwili upesi: ngozi, macho, mdomo, mapezi, na ndani ya vifuniko vya matamvua. Piga picha. Kama unafikiria kumpelekea daktari, mfunge kwenye mfuko bila maji na umweke kwenye jokofu, sehemu ya baridi ya kawaida. Asigandishwe, kwa sababu barafu huharibu tishu na vimelea vinavyotafutwa. Samaki anayeumwa akiwa hai humsaidia daktari kuliko mzoga wa jana.

Kisha pima, kwa utaratibu huu: joto (24 hadi 27°C), chumvi (uzito linganifu 1.024 hadi 1.026), amonia (sifuri), pH (8.0 hadi 8.4). Joto na chumvi huchukua dakika moja na hufichua makosa mengi, hivyo vianze.

Vifaa navyo hudanganya. Haidromita (kipimo cha chumvi) ya mkono unaoelea hubebwa na viputo vya hewa vilivyonata juu yake, ikasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, isawazishwe kwa myeyusho maalumu wa 35 kwa elfu, si kwa maji matupu peke yake. Baadhi ya dawa za kufunga amonia huvifanya vipimo fulani vionyeshe amonia isiyodhuru kana kwamba ni ile ya sumu. Jambo la mwisho ni hili: mzoga uliokaa usiku kucha hutoa amonia wenyewe. Ukikuta amonia kidogo kwenye tangi lenye samaki aliyeoza, huenda imetokana na kifo badala ya kukisababisha. Pima tena saa 12 baada ya kumtoa.

Wote, au karibu wote, wamekufa ndani ya usiku mmoja

Magonjwa mengi hayaui hivi. Vifo vya pamoja vinaelekeza kwenye maji.

*Upungufu wa oksijeni.* Hiki ndicho cha kwanza kushuku, hasa ikiwa vifo vilitokea kati ya usiku wa manane na alfajiri. Katika nyuzi 25, maji ya bahari yaliyoshiba oksijeni huwa na karibu miligramu 6.8 kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi hufikia 8.2 hivi. Akiba ni ndogo tangu mwanzo. Taa zikizimwa, mwani hauzalishi oksijeni tena, nao huanza kuivuta pamoja na samaki. Kiwango hushuka hadi karibu na mapambazuko. Ndiyo maana tangi linaonekana zima saa nne usiku na kuwa na mizoga saa kumi na mbili asubuhi.

Dalili zake zinajulikana: wakubwa hufa kabla ya wadogo, midomo iko wazi, vifuniko vya matamvua vimetanuka, na waliosalia wanatweta juu karibu na uso wa maji. Anza na yaliyo rahisi. Je, uso wa maji unatikisika, au umetulia na kufunikwa na utando wa mafuta? Skima, kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu, ilizimika? Umeme ulikatika usiku ukarudi bila wewe kujua? Saa ya kifaa chochote iliyorudi kwenye sifuri itakuambia. Je, jana uliweka sukari, pombe au siki ya kulisha bakteria, au dawa yenye formalini? Maji yaliyopauka yakawa meupe maana yake bakteria wamezaana kwa kasi na wanakula oksijeni ileile.

Elekeza pampu juu ili ivunje uso wa maji, weka jiwe la hewa, fungua kifuniko, usilishe. Waliosalia wakitulia ndani ya nusu saa hadi saa moja, umepata jibu bila kutumia dawa hata tone.

Onyo moja kuhusu umeme uliokatika kwa saa nyingi: chujio lililofungwa huozea ndani. Usiliwashe tu likarudisha uchafu huo kwenye tangi. Lifungue, limwage, lisuuze kwa maji ya chumvi, ndipo uliwashe.

*Amonia.* Inatokea zaidi kwenye tangi changa lisilofikisha wiki 4 hadi 6 za kukomaa. Hutokea pia baada ya kuosha chujio lote kwa maji ya bomba, kuongeza samaki kadhaa kwa siku moja, au konokono mkubwa kufia mahali pasipoonekana. Maji ya bahari huizidishia makali. Kila pH inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu huongezeka takribani mara 10, na tangi la chumvi huishi kwenye pH ya juu. Kiasi ambacho samaki wa mtoni angekivumilia hapa kinaua. Badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ileile, acha kulisha, tumia dawa ya kufunga amonia, na pima kila siku. Nitriti isikutie hofu kubwa: kloridi iliyojaa kwenye maji ya bahari huizuia kupenya kwenye matamvua, kwa hiyo si rahisi iwe ndiyo iliyoua.

*Sumu kutoka nje.* Hapa wasio samaki ndio mashahidi wako. Kamba na konokono wakifa pamoja na samaki au kabla yao, fikiria dawa ya kuua wadudu iliyopuliziwa chumbani, sabuni au mafuta ya mikononi, au shaba. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi ni kali sana kwa samaki na kali zaidi kwa kamba, na pampu ya hewa na skima huivuta hewa ya chumba moja kwa moja hadi ndani ya maji. Kamba wakiwa wazima na samaki peke yao ndio waliokufa, shaba iondoe kwenye orodha. Rudi kwenye oksijeni, au soma sehemu ya vimelea hapa chini. Mimi huuliza habari za kamba kabla ya swali lingine lolote, kwa sababu jibu lake hufuta nusu ya dhana mara moja.

Klorini na kloramini huingia na maji ya kuongezea. Anayetumia chujio la RO (linalosukuma maji kupitia utando mwembamba) apime klorini kwenye maji yanayotoka, kwani mkaa ukichoka hakuna kinachoonekana kwa macho. Sumu nyingine hutoka kwa wakazi wa tangi wenyewe. Samaki sanduku aliyetishwa au anayekufa hutoa ute wenye sumu inayoweza kuua tangi zima, na jongoo bahari aliyenyonywa na pampu hufanya vivyo hivyo. Badilisha maji mengi, weka mkaa wa kuchujia ulio mpya, na ongeza hewa.

*Joto.* Hita iliyonata katika hali ya kuwaka hupandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 30, na oksijeni hupungua wakati uleule samaki wanapoihitaji zaidi. Asubuhi kipimo kinaweza kuwa kimerudi kawaida, kwa hiyo kaa uangalie hita ikizima yenyewe. Ukishusha joto, shusha polepole, isizidi nyuzi 1 kwa saa.

*Mchanga uliofukuliwa.* Si cha kawaida, lakini kama ulihamisha mawe au kuchimba mchanga mzito siku hiyo na kukawa na harufu ya yai viza, salfidi ya hidrojeni imetoka. Hewa nyingi, maji mapya, na madirisha wazi kwa ajili yako pia.

Samaki mpya amekufa ndani ya siku tatu

Hapa lawama humwendea muuzaji haraka kuliko inavyostahili. Kwanza angalia chumvi. Wauzaji wengi huweka maji yao kwenye 1.018 hadi 1.020, kwa sababu chumvi ndogo hupunguza nguvu ya vimelea. Samaki wa baharini hunywa maji mchana kutwa na kuitoa chumvi kupitia matamvua na figo. Akitolewa kwenye 1.018 na kutiwa kwenye 1.026 ndani ya saa moja, mwili hupoteza maji kuliko anavyoweza kurudisha. Mara nyingi hafi papo hapo. Hufa siku ya pili au ya tatu, na ndiyo maana mwenye tangi hatambui uhusiano. Kushusha chumvi hakumsumbui sana, shida iko kwenye kuipandisha. Mwulize muuzaji kiwango chake, tengeneza maji ya karantini yanayolingana nacho, kisha pandisha 0.001 hadi 0.002 kwa siku.

Chanzo cha pili ni amonia ya mfukoni. Katika safari ndefu pumzi ya samaki huujaza mfuko kaboni dayoksaidi, pH hushuka, na amonia iliyokusanyika hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Ukifungua mfuko, gesi hiyo hutoka, pH hupanda, na sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka sana samaki akiwa bado humo. Kwa hiyo ule utaratibu wa kudondosha maji tone kwa tone kwa saa moja au mbili, unaosifiwa sana, humdhuru samaki aliyesafiri siku nzima. Acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe samaki upesi kwenye maji yenye chumvi ileile, na maji ya mfuko yamwage nje ya tangi.

Cha tatu ni ubabe wa wenyeji. Mgeni aliyejibanza kona ya juu nyuma ya hita hajafika hapo kwa kupenda. Zima taa siku ya kwanza, hamisha mawe kidogo ili mipaka ya wenyeji ivurugike, au mweke mgeni kwenye kisanduku cha wavu ndani ya tangi kwa siku kadhaa.

Aliyevuliwa kutoka kina kirefu na kupandishwa haraka anaweza kuwa na kibofu cha hewa kilichojeruhiwa. Huogelea kichwa chini akihangaika kubaki chini. Usijaribu kumtoboa kwa sindano. Hiyo ni kazi ya daktari.

Kuna pia sianidi. Imetumika kuvulia samaki wa mapambo tangu miaka ya 1960, kuanzia Ufilipino, na baadaye ikaenea Indonesia. Samaki aliyevuliwa hivyo anaweza kula vizuri kabisa kisha akafa siku au wiki kadhaa baadaye bila alama yoyote. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuthibitisha. Iweke mwisho wa orodha, baada ya chumvi, amonia, ubabe na vimelea kuondolewa kimoja kimoja.

Wanapumua haraka, kisha wanakufa mmoja baada ya mwingine

Mpangilio huu, vifo vilivyotawanyika ndani ya siku mbili hadi tano huku kamba na matumbawe wakiwa wazima, ndio unaonitia hofu kuliko mingine yote. Unahitaji uamuzi siku hiyohiyo.

*Velveti, yaani Amyloodinium ocellatum.* Inaweza kuua samaki wote ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza. Kiini chake ni dinoflajelata, kiumbe wa chembe moja, anayeshambulia matamvua kwanza, na kila mmoja aliyeshiba huanguka na kugawanyika hadi kutoa vijidudu 256 vinavyoogelea kutafuta samaki mwingine. Vumbi jembamba la rangi ya dhahabu kwenye ngozi, linaloonekana kwa tochi ya ubavuni, wengi hawaliwahi. Samaki hufa kwa kukosa pumzi kabla halijatokea. Tazama mwenendo: anasimama mbele ya pampu ya mkondo akiupinga, anakimbia mwanga, anakataa chakula, anahema kwa kasi. Samaki aliyesimama kwenye mkondo mkali kwa saa nzima hachezi.

*Ute mzito wa Brooklynella hostilis.* Ni ugonjwa wa klaunfishi hasa, wale waliotoka porini zaidi. Ngozi hutoa ute mweupe unaochanika vipandevipande, na kifo hufuata ndani ya siku chache. Shaba haiusaidii. Tiba yake ya kawaida ni formalini, ambayo ni sumu kwa binadamu na husababisha saratani. Kwa maoni yangu isitumiwe nyumbani bila daktari wa wanyama kukuelekeza. Chupa yenye tope jeupe chini isitumiwe kabisa.

*Madoa meupe, Cryptocaryon irritans.* Madoa ya ukubwa wa chembe ya chumvi, yanayohesabika. Huua polepole kuliko velveti, isipokuwa samaki awe tayari amechoka. Usidanganyike madoa yakipotea: kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, huanguka, hujifungia kwenye mchanga na mawe, kisha hurudi kwa wingi zaidi. "Alipona mwenyewe, wiki mbili baadaye akafa" ni taarifa ya madoa meupe.

*Minyoo bapa.* Samaki hujikuna kwenye mawe, macho hupata ukungu, hupumua kwa upande mmoja wa matamvua. Hawana rangi na hupenyeza mwanga wakiwa kwenye ngozi, kwa hiyo hawaonekani kirahisi.

Kuwatenganisha hawa wote kuna njia moja ya nyumbani isiyohitaji darubini: kumwogesha samaki kwenye maji yasiyo na chumvi. Maji yawe hayana klorini, joto na pH vilingane na tangi, hewa ikiingia muda wote, kwa dakika 5. Minyoo bapa hugeuka weupe na kuanguka chini ya chombo. Mwenye velveti hupata nafuu ya saa kadhaa bila kupona. Akilala ubavu na kuacha kupumua, mtoe mara moja.

Ukishuku velveti, usingoje uthibitisho. Hamisha samaki wote kwenye tangi la tiba lenye hewa nyingi na anza shaba. Ile ya ayoni hulengwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Shaba iliyofungwa (iliyoshikiliwa na kemikali nyingine) ina viwango vyake vya juu zaidi, kwa hiyo fuata lebo na hakikisha kipimo ulicho nacho kinasoma aina hiyo. Usiichanganye shaba ya ayoni na dawa ya kuondoa klorini au kufunga amonia, kwani baadhi ya dawa hizo huigeuza kuwa kali ghafla. Usiitie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono. Huwaua, na mawe huinyonya na kuitoa baadaye.

Simama na umtafute daktari wa wanyama anayeshughulikia samaki ikiwa wawili wamekufa ndani ya siku moja na wengine wanahema, ikiwa huna kipimo cha shaba, au ikiwa siku mbili za tiba hazijapunguza kasi ya vifo. Kipande cha tamvua kilichokwanguliwa na kuwekwa chini ya darubini hutoa jibu kwa dakika chache, na huokoa mabishano ya wiki nzima.

Mmoja tu amekufa, ana majeraha

Mapezi yaliyochanika, magamba yaliyong'oka, na mwenzake mmoja anayezunguka tangi kwa ujasiri: ni mapigano. Kangaja kwa kangaja, samaki malaika kwa malaika, wanaofanana umbo au rangi ndio wanaogombana. Kaa mbali na tangi, tazama kwa robo saa bila kusogea, hasa wakati wa chakula.

Jeraha jekundu ubavuni, lenye umbo la duara au mstari na linaloonekana kutokea ndani, ni jambo lingine. Kwa chromis wa kijani na baadhi ya anthias na samaki kipepeo, mara nyingi ni Uronema marinum. Alama ikionekana, misuli imekwisha liwa, na matumaini ni madogo. Mtenge mara moja.

Minyoo ya manyoya na kaa waliokutwa juu ya mzoga husingiziwa kila siku. Kazi yao ni kula wafu. Mshukiwa halisi ni kamba mantisi aliyeingia na mawe. Husikika akigonga usiku, na wanaopotea ni kadhaa kwa wiki.

Aliendelea kula lakini akakonda

Mtazame kutoka mbele na juu. Paji lililobonyea na tumbo lililoingia ndani humaanisha njaa ya wiki nyingi, hata kama anadonoa mchana kutwa. Mandarini (Synchiropus splendidus) huishi kwa kopepodi, vidudu vidogo sana vya majini vya kwenye mawe, na tangi changa au dogo huishiwa navyo. Baadhi ya samaki kipepeo hula matumbawe hai tu. Labroides dimidiatus, yule anayesafisha wenzake, naye ni mgumu kulisha. Hawa hufa "bila sababu" baada ya mwezi au miwili.

Aliyekula vizuri na bado akakonda, huku akitoa kinyesi cheupe chembamba, huenda ana vimelea vya tumbo. Dawa iliyochanganywa na chakula husaidia. Ukiona pia vidonda visivyopona na uti uliopinda, fikiria Mycobacterium. Bakteria wa jamii hiyo, Mycobacterium marinum, huingia kwa binadamu kupitia mikwaruzo. Uvimbe mgumu kidoleni au mkononi usiopona baada ya kushughulikia tangi unahitaji hospitali, na mwambie daktari kwamba unafuga samaki.

Mzoga haupo

Tafuta sakafuni kwanza, nyuma ya kabati na chini ya fanicha, umbali wa mita mbili. Samaki wembamba wa jamii ya Nemateleotris hurukia upenyo wa vidole viwili. Kisha fungua kisanduku cha mfuriko, chujio na tundu la kila pampu. Samaki mdogo aliyefia kwenye mawe huliwa mifupa na yote ndani ya siku moja, kwa hiyo usibomoe mawe yote kumtafuta. Pima amonia kwa siku tatu mfululizo. Ikibaki sifuri, tangi limemmudu.

Hakuna dalili, maji mazuri, wengine wazima

Umri huchangia kuliko watu wanavyodhani. Eviota sigillata, samaki mdogo sana wa miambani, haishi zaidi ya siku 59, wakati klaunfishi aliyetunzwa huweza kupita miaka 20. Jua muda wa aina yako kabla ya kuanza kubadilisha mambo kwenye tangi lililotulia.

Kabla ya kuweka samaki mwingine

Ikiwa ilikuwa velveti au madoa meupe, mawe na mchanga bado vina mbegu zake. Cryptocaryon imewahi kudumu hadi siku 72 kabla ya kupasuka, kwa hiyo wafugaji huacha tangi bila samaki hata mmoja kwa siku 76, huku wakiendelea kulilisha kidogo kwa ajili ya kamba na bakteria. Siku huhesabiwa kuanzia samaki wa mwisho alipotoka. Ukirudisha mmoja tu katikati, anza upya. Nyavu, ndoo na vipima joto vya tangi la tiba visivuke kwenda tangi kuu vikiwa na unyevu.

Ikiwa ilikuwa Uronema, kungoja hakusaidii, kwa sababu kiumbe huyo huishi kwa kula bakteria bila kuhitaji samaki. Hapo kinachobaki ni karantini ya siku 30 kwa kila mgeni, mchanga usiojaa uchafu, na kuacha chromis wa kijani kwa muda, mpaka tangi likae miezi kadhaa bila jeraha jingine jekundu.